Mdomo wa Kisogoni

Hebu nikuulize jambo, msomaji. Usiku umeingia, umekula ukashiba, milango imefungwa na watoto wamelala. Ni kitu gani basi kinachokufanya uketi na kutafuta, kwa hiari yako mwenyewe, hadithi itakayokunyima usingizi? Usiniambie kwamba si wewe. Kuna aliyesoma riwaya za wachawi bwenini akimulika kwa tochi chini ya blanketi. Kuna aliyelipa kiingilio katika chumba cha video cha mtaani ili aone maiti wakifufuka, kisha akarudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kwa kuogopa vichaka. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Swali hili lilinipata Kiboko, mwezi wa Desemba, nyumbani kwa mama yangu. Kwa mnaoijua Kiboko kwa kuiona tu dirishani mwa basi la Mombasa, ni pale kabla ya kufika Makindu, penye migunga mirefu ya gome la manjano, mto ulioitwa kwa jina la wale wanyama wanene wa majini, na mashamba ya watafiti wa kilimo wanaojaribu mbegu za mahindi zinazostahimili ukame. Usiku hapo husikii ila vyura na malori yakibadilisha gia.

Siku hiyo stima zilikuwa zimepotea tangu magharibi. Tulikuwa tumekaa sebuleni na taa ya kandili: mama yangu, mimi, mpwa wangu wa kike ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja Nairobi, na mdogo wake wa miaka 12 ambaye hapitwi na jambo. Mpwa wangu alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kochi na kompyuta yake ya kupakata magotini. Nilichungulia. Nikaona wasichana wanne wamevaa sare za shule, macho makubwa kama sahani, rangi za waridi kila mahali, na muziki wa kuwabembelezea watoto wachanga.

“Mtu wa chuo kikuu bado unacheza na vikaragosi?” nikamtania.

“Mjomba, huu si wa watoto. Juzi ulininyima usingizi mpaka alfajiri.”

“Na leo unaufungua wa nini?”

“Leo nataka kuufikisha mwisho.”

Mdogo wake alisogea na kitanda cha masikio yake yote mawili, kama tusemavyo. Dada mtu akamfukuza akalale, tena kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida yake. Hapo nikavuta kiti.

Mchezo wenyewe unaitwa Doki Doki Literature Club. Ulitolewa Septemba 2017 na kikundi kidogo cha Marekani kiitwacho Team Salvato, kinachoongozwa na Dan Salvato, na tangu siku ile ya kwanza haukutozwa hata senti moja. Kufikia mapema mwaka 2018 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameuchukua. “Doki doki” ni neno la Kijapani la kuigiza mlio wa moyo unaodunda, iwe ni kwa mapenzi au ni kwa woga, na ukishamaliza kuucheza utaelewa kwa nini lilichaguliwa neno lenye maana zote mbili.

Nimeuita mchezo, lakini msidhani kuna kukimbia au kupiga risasi. Ni hadithi ya kusomwa. Picha inatulia kwenye kioo, maneno yanajitokeza chini, unabonyeza, sentensi nyingine inakuja. Mara mojamoja unaulizwa ufanye nini au useme nini, kisha hadithi inaendelea. Wajapani ndio mabingwa wa fani hii. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ya huko ilitoa Otogirisō, hadithi ya kutisha iliyosomwa kwenye televisheni, maneno yakisindikizwa na sauti, na tangu hapo hadithi za namna hiyo zikamiminika. Kwa hiyo waite riwaya za picha, hutakosea sana. Hii ya Salvato imejengwa juu ya programu ya bure iitwayo Ren'Py, ambayo ipo tangu 2004, na mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia kutunga ya kwake. (Nasubiri kwa hamu kijana wa Wote au Mwingi atakayefanya hivyo. Malighafi tunayo tele, kama utakavyoona.)

Kunradhi kwa wale ambao wangependa kuusoma wenyewe, maana kuanzia hapa nitafichua mengi.

Wewe ni mwanafunzi wa sekondari. Rafiki yako wa tangu utotoni, Sayori, msichana mcheshi asiyeacha kuchekacheka na aghalabu huchelewa kuamka, anakuvuta ujiunge na chama cha fasihi cha shule. Huko unawakuta Natsuki mwenye ulimi mkali, Yuri mpole mwenye haya, na Monika, mwenyekiti. Kila siku unaandika shairi. Kuandika kwenyewe ni kuchagua maneno 20 kutoka orodha: ukichagua maneno ya furaha na huzuni unampendeza Sayori, ukichagua maneno magumu unampendeza Yuri, ukichagua matamu matamu unampendeza Natsuki. Monika hayumo katika wa kuchaguliwa. Ni jambo dogo ambalo huligundui mpaka maji yamekwisha kumwagika.

Na kwa muda mrefu, msomaji, hakuna kitu! Wanabishana kuhusu vitabu, wanaoka keki, wanaona haya. Mtu asiye na subira ataifunga kompyuta akalale. Ishara ya pekee ni onyo lililowekwa mwanzoni kabisa, kwamba mchezo huu hauwafai watoto wala watu wepesi wa kufadhaika. Ukishasoma onyo lile, kisha ukatazama zile rangi za waridi, akili yako inaanza kujitafutia mambo. Unamtazama kila anayetabasamu ukijiuliza: ni huyu?

Halafu siku moja Sayori anakwambia ukweli. Kule kuchelewa kuamka hakukuwa uvivu. Kila asubuhi haoni sababu ya kutoka kitandani, na kicheko ni cha kuwaondolea wengine shida ya kumwonea huruma. Anakueleza pia kwamba anakupenda. Mchezo unakupa majibu mawili, uchague moja. Asubuhi yake unakwenda kwao, unafungua mlango wa chumba chake, na amekwisha kujitoa uhai.

Sitasema zaidi ya hapo kuhusu picha ile. Nitasema tu linalofuata, kwa maana ndilo linalowakosesha watu usingizi: unajaribu kurudi nyuma, pale ulipokuwa umehifadhi, ili umjibu vingine, na unakuta hakuna pa kurudi. Mchezo unaanza upya wenyewe, lakini sasa Sayori hayupo, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwapo. Jina lake limevurugika. Muziki uleule unapiga kwa noti zisizokaa sawa. Yuri na Natsuki wanaharibika hatua kwa hatua mbele ya macho yako. Mwishowe unagundua kwamba Monika, yule asiyechagulika, anajua kuwa yumo ndani ya kompyuta. Ndiye aliyekuwa akiwachezea wenziwe, akizidisha kasoro zao ili wakuchukize, umtazame yeye. Anakukalisha mezani uso kwa uso, hakuna mwingine, na kuanza kuzungumza, si na yule mwanafunzi wa hadithini, bali na wewe uliyeshika kompyuta. Anakuita hata kwa jina lililoandikishwa ndani ya kompyuta yako.

Hapa kwetu Kiboko mambo yaliharibika kidogo. Kompyuta ya mpwa wangu ilinunuliwa mtumba, kutoka ofisi fulani iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake, na hakuna aliyekumbuka kufuta jina la zamani. Kwa hiyo Monika alitukazia macho gizani, muziki ukanyamaza, nywele zikatusimama, naye akamwita mpwa wangu “Stoo”.

Tulicheka mpaka machozi. Mama, ambaye alikuwa ameshuka kichwa kama aliyelala, akauliza kinachotuchekesha. Mpwa wangu akaanza kumweleza, kwa Kikamba chake cha Nairobi, hadithi nzima tangu mwanzo: wasichana warembo, mashairi, keki, kisha kilichokuwa nyuma ya yote hayo.

“Ala,” akasema mama. “Huyo si ni eimu.”

Eimu kwa Kikamba ni zimwi. Naye mama akatupa hadithi aliyokuwa akinipa nikiwa mdogo, na ambayo naamini wengi wenu mmeisikia kwa lugha za kwenu. Anakuja kijana mgeni, mzuri kupita kiasi, nywele zake nyingi zimelala mpaka mabegani. Wasichana wote wanamgombea. Mmoja anampata na kumfuata kwake, mbali, huku mdogo wake akimfuata nyuma kwa siri. Njiani kijana akidhani haonekani, anazifunua nywele na kuwatupa inzi nyuma ya kichwa chake, na huko kisogoni kuna mdomo wa pili unaowatafuna. Mdogo mtu anaona. Anamwambia dada. Dada anamtukana, maana uso alioutazama yeye ulikuwa na mdomo mmoja tu, tena unaotabasamu.

Hadithi kama hizi zilikusanywa zamani. Marehemu John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alichapisha kitabu chake Akamba Stories mwaka 1966, na mazimwi humo wamejaa. Watu humkumbuka kwa vitabu vya dini na falsafa, wakasahau kwamba alithamini pia maneno ya mekoni.

Sasa tazama. Kijana wa Marekani ameketi mbele ya kompyuta yake miaka ya juzi tu, na alichokitoa ni mdomo wa kisogoni. Rangi za waridi ndizo nywele. Onyo la mwanzoni ndiye mdogo mtu anayekwambia umeona nini, nawe humsikii kwa sababu uso ni mzuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba vijana hupenda michezo hii kwa sababu wameharibika. Ingekuwa damu ndiyo wanayoitaka, basi filamu za damu zimejaa tele na wala hazihitaji kusoma masaa manne. Wanachokipenda ni kule kukaa muda mrefu na kitu kizuri huku wakijua kina kisogo.

Tena kitisho cha namna hii hakiko nje kinagonga mlango. Kimo chumbani pamoja nawe. Watu wa reli wa sehemu zetu walilijua hilo zamani sana. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, hukuhuku Makueni kwa njia ya Nairobi, ofisa wa polisi Charles Ryall na wenzake wawili walilala ndani ya behewa wakimvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Ilikuwa zamu ya Ryall kukesha, naye usingizi ukamchukua. Simba akaingia behewani, na kwa uzito wake mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Wale wawili wengine walizinduka wamefungiwa chumba kimoja na simba. Aliondoka na Ryall kupitia dirishani. Behewa hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya reli Nairobi, na mkiwapeleka watoto mtaona kwamba hawaulizi simba alikuwa mkubwa kiasi gani. Huuliza: huo mlango ulijifungaje?

Kwa kizazi cha mama nyika yenyewe ilikuwa ya kuogofya bila kuongezwa chumvi. Kuanzia 1944 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuwaondoa vifaru katika ardhi ya Makueni ili watu wapewe makazi, na kwa muda wa kama miaka miwili aliwaua 996. Ile Hunter's Lodge ya hapo Kiboko imebeba jina lake. Mama hukumbusha kwamba wazee wao walihofia kifaru mchana na eimu usiku, kisha kifaru akaisha na eimu akabaki. Mwenye kulielewa hilo na alielewe.

Lakini nirudi kwenye kompyuta, kwa sababu kuna tofauti moja ambayo haifai kupitwa haraka. Katika hadithi ya mama wewe ni msikilizaji, hujamwua mtu. Katika riwaya ya picha, kidole ni chako. Sentensi haiji mpaka ubonyeze. Kwenye filamu ukiogopa utajifunika uso na mambo yatapita. Hapa ukijifunika uso, mlango wa chumba cha Sayori unabaki umefungwa vilevile, ukikungoja wewe uufungue. Unaweza kukaa hapo nusu saa. Mpwa wangu aliniambia kwamba alikaa, kisha akaenda kuosha vyombo, akarudi, mlango bado unamngoja. Hiyo ndiyo hila ya fani hii, na ni hila ya bei rahisi sana kuitengeneza, picha moja na kitufe kimoja, lakini inamfanya msomaji ajione ana hatia.

Na wala tusijifanye kwamba sisi tulilelewa kwa asali na maziwa. Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka mwaka 2020, alituandikia Rosa Mistika mwaka 1971, na kitabu hicho kikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Mwaka 1974 akatoa Kichwamaji, ambamo Kazimoto, kijana msomi anayesimulia hadithi yake mwenyewe, hatimaye anajiua. Nilikisoma nikiwa kidato cha tano, kwa siku mbili, na kwa wiki nzima sikupenda kuzungumza na mtu. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Lakini kama ungejaribu kuninyang'anya kile kitabu tungepigana. Kulikuwa na mtu mzima mahali fulani aliyekubali kwamba mambo haya yapo! Mpaka leo sijui namna nyingine ya kukieleza kivutio cha vitabu vya aina hiyo kwa mtu asiyevipenda.

Hata hivyo mchezo huu una makosa yake, nami sitaufichia. Kuna mahali, hasa kwa Yuri, ambapo ugonjwa wa akili unatumiwa kama baruti ya kushtua tu, kisha hadithi inasonga mbele bila kujali. Mwaka 2018 huko Uingereza, baada ya kifo cha mvulana wa miaka 15 mjini Bury, polisi na shule waliwatahadharisha wazazi kuhusu mchezo huu. Kama mchezo ulikuwa sababu au haukuwa, mimi si wa kuamua. Toleo jipya la kuuzwa lililotoka Juni 2021 limeongezewa onyo ambalo mchezaji anaweza kuliwasha ili aambiwe mapema kabla ya picha nzito. Ni hatua nzuri. Lakini mtoto wa miaka 12 anayeona vikaragosi hasomi onyo, na mzazi anayepita nyuma ya kochi akaona rangi za waridi hatashtuka. Kwa hiyo yule dada mtu aliyemfukuza mdogo wake akalale alikuwa na akili kuniliko mimi niliyekuwa nikitania.

Nilimwuliza basi, wakati Monika anaendelea kujisemea peke yake pale mezani, ni kitu gani hasa kilichomnyima usingizi juzi. Nilitegemea anitajie ile picha.

“Niliucheza mara mbili, Mjomba,” akasema. “Pale Sayori anaposema anakupenda. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba yeye ni rafiki yangu tu. Nikaanza upya nikamjibu kwamba na mimi nampenda.”

“Ikawaje?”

“Sawasawa. Mlango uleule.”

Akanyamaza. Kisha akatuambia, akiwa bado anatazama kioo, habari ya msichana aliyekuwa akiketi naye dawati moja kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Msichana wa kuchekesha darasa zima. Jumapili moja alimwambia mpwa wangu kwamba amechoka. Mpwa wangu alidhani ni uchovu wa mitihani, akamjibu kwamba likizo ni karibu. Yule msichana akacheka, akasema yuko sawa. Hakumaliza wiki.

Shuleni kulifanyika ibada. Wasichana wakaambiwa wamwombee, wasilizungumze jambo hilo nje, na wajiandae kwa mitihani. Dawati likaondolewa. Majina yaliposomwa Jumatatu iliyofuata, la kwake lilirukwa. Miaka minne ilikuwa imepita, na mpwa wangu alikuwa hajamsimulia mtu. Nyumbani tuliarifiwa kwamba shuleni kumetokea msiba. Tuliuliza kama wamefunga shule mapema, tuje kumchukua.

Sasa nikaelewa kwa nini alirudi kwenye kitu kilichomtisha. Hakuna mahali pengine palipomruhusu kurudi kwenye Jumapili ile. Mchezo ulimpa majibu mawili na ukamwonyesha kwamba yote mawili yanaishia mlango mmoja, na nilipomtazama niliona kwamba hilo lilimwumiza na kumpumzisha kwa pamoja. Kwamba hata angesema vingine, labda.

Hapo ndipo ninapoachana na Bwana Salvato. Katika mchezo wake mlango ni mmoja kwa sababu yeye aliandika mlango mmoja. Katika maisha, mtu aliyeulizwa moja kwa moja, akasikilizwa bila kukatizwa, akapelekwa kwa mwenye ujuzi, mara nyingi huvuka ule usiku. Madaktari wanalijua hilo, na si kweli kwamba kumwuliza mtu kunamtia wazo kichwani. Hadithi inayomwambia aliyebaki “haikuwa kosa lako” ni dawa. Ikimwambia mwenye rafiki aliye hai kwamba maneno hayasaidii, ni sumu, na ni hadithi ileile. Mpwa wangu alikuwa na miaka 16. Waliopaswa kujua maana ya “nimechoka” walikuwa watu wazima, nao hawakuwahi kumfundisha msichana wa miaka 16 kwamba kuna swali la pili la kuuliza.

Na tungemfundishaje, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumelifunga jambo hili hata kisheria? Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua, akanusurika, kuwa mhalifu wa kupelekwa mahakamani. Familia zilidanganya hospitalini, zikisema ni ajali, ni dawa za kunguni zilizochanganyikana na chakula. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ulimi uliozoea kudanganya, hata hivyo, haufunguki kwa hukumu ya jaji siku moja.

Usiku ule Kiboko sikuyasema yote haya. Nilikuwa natafuta maneno, kama wanaume wa rika langu wanavyofanya, huku nikikuna kidevu. Kwenye kioo Monika alikuwa bado anazungumza. Kumshinda ni lazima utoke nje ya hadithi, ufungue folda ya mchezo, utafute faili yenye jina lake, uifute kwa mkono wako. Mpwa wangu alikuwa ameifungua ile folda. Faili ya Sayori haikuwamo tena. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na betri ilikuwa imebakisha asilimia 6.

Mama alinyoosha miguu yake, akavuta leso.

“Huyo rafiki yako,” akasema, “si huyu wa kompyuta. Yule wa shule. Alikuwa anaitwa nani?”

Mpwa wangu hakujibu mara moja. Lori lilipita barabarani, mwanga wake ukazunguka ukutani ukatoka. Kisha akalitaja jina, majina yote matatu, kama yanavyosomwa kwenye daftari la darasa.

“Wa mama nani? Wa wapi?”

“Wa Mbooni, Susu.”

“Haya. Nipe habari zake. Alikuwa anacheka vipi?”

Akaanza kusimulia. Kompyuta ilizimika yenyewe katikati ya maneno. Stima zilirudi saa tano kasorobo, taa ikatuwakia machoni, tukaizima.